Kengele ya Dalecha na Mzee Aliyeshikwa kwa Mali Yake

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Isiolo

Jina: Luke Kaberia
Umri: Miaka 57
Kazi: Muuza miraa na msomaji wa magazeti (afisa amesema kusoma si kazi, nimemwomba aandike)
Makazi: Isiolo mjini, karibu na soko la mifugo
Kuhusu: Madai ya wizi wa ngamia mmoja

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Shule niliachia darasa la sita. Yaliyobaki nimejisomea, hasa kwa kusikiliza watu wanaodhani sisikii.

Sabdio Halkano, binti wa jirani yangu Mama Abiba, anasomea shahada ya uzamifu ya uhandisi wa mawasiliano katika chuo kimoja Nairobi. Utafiti wake ni wa ngamia. Ndani ya kengele za mbao ambazo ngamia wao huvaa shingoni ametia vifaa vidogo vya kutuma mawimbi, na antena ya kuyapokea iko juu ya paa la kibanda changu. Kila kengele ni nukta kwenye ramani ya laptopu yake, hata ngamia akiwa mahali simu haishiki. Wateja wangu waliamini antena hiyo inapima ubora wa miraa. Sikuwasahihisha.

Mnamo tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, Sabdio alikuwa kibandani kwangu akitetea tasnifu yake kwa video mbele ya maprofesa watatu walio Nairobi. Walitaka kuona mtambo ukifanya kazi papo hapo. Akifaulu, yeye ni daktari; akianguka, miaka yake yote ya kufukuza ngamia inakuwa matembezi. Mama Abiba aliketi juu ya kreti ya soda, akiwa ameapishwa kutosema neno.

Nukta zote zilikuwa malishoni Gotu isipokuwa moja. Nukta ya Dalecha, ngamia wa mjomba wake Sabdio, ilikuwa barabarani ikija mjini kwa kasi ambayo ngamia hana. Mama Abiba akasahau kiapo.

"Wezi! Dalecha wa kaka yangu amepakiwa kwenye lori!"

Akatoka mbio kumwita Konstebo Wendy aliyekuwa langoni mwa soko. Profesa Kinuthia, mkuu wa watahini, aliuliza kama hiyo ni sehemu ya maonyesho. Sabdio akajibu, "Ndiyo, Profesa," lakini shingo yake ilisema hapana.

Nukta ilisimama mbele ya kibanda changu. Lori halikuwepo. Alikuwepo Mzee Arero, huyo mjomba mwenyewe, akishuka kwenye boda boda na gunia kwapani. Konstebo alifungua gunia akakuta kengele.

"Ngamia yuko wapi, mzee?"

"Nimemuuza huko Gotu."

"Wa nani?"

"Wangu, madam."

"Mbona dadako analia wizi?"

Mzee Arero alimtazama Sabdio, akainamia gunia lake. Akatiwa pingu.

"Abiba, umenishikisha kwa kuiba ngamia wangu?"

"Ungesema! Tangu lini ukauza ngamia bila kutununia wiki nzima?"

Maprofesa walikuwa wanasikia yote. Profesa Kinuthia akasema, "Bi Sabdio, ramani inasema ngamia yuko hapo. Mimi naona mzee na gunia. Mtambo wako unafuata ngamia au unafuata mbao?"

Nilizima redio yangu, ingawa haikuwa na kosa.

Aliyejibu ni Mzee Arero. "Salaam aleikum, Profesa. Ulitaka niuze na kengele? Hii aliichonga baba yangu. Ngamia anauzwa, kengele inarudi nyumbani. Kwani kwenu mnauzaje?"

Hapo Sabdio akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikaogopa.

"Asante, abuya," akamwambia mjomba wake. Kisha akageukia laptopu. "Profesa, fungua kiambatisho cha mwisho. Kuna kengele nilizoziandika kama hitilafu kwa sababu hazikutembea kama ngamia. Hizi zilirudi nyumbani: wale ngamia waliuzwa. Hii ililala kichakani karibu na Rapsu, haikusogea tena: yule ngamia aliibwa. Mwizi huvua kengele akaitupa, asisikike. Nimekua nikijua haya, lakini nikikaa mbele ya mashine nayasahau. Mtambo unaweza kutenganisha mauzo na wizi bila kumwona ngamia."

Profesa Kinuthia alivua miwani. "Endelea," akasema. Nimeuza miraa miaka mingi. Najua uso wa mtu aliyekwisha kuamua kununua.

Alipomaliza walimwomba asubiri nje. Alisimama kando ya zizi la mbuzi akiwa hana pa kuweka mikono. Walipomwita tena, Profesa alisema, "Hongera, Daktari Sabdio. Sahihisho ni moja: hiyo hitilafu iwe sura nzima."

Mama Abiba alipiga vigelegele, mbuzi wakavunja zizi. Mzee Arero aliinua mikono yote miwili, na pingu zake, akamwombea dua. Ndipo akasema kwa nini alimuuza Dalecha: apate pesa za karamu ya Sabdio, na alitaka iwe ya kushtukiza. Konstebo Wendy alifuta macho, akasema ni vumbi. Asubuhi hiyo hakukuwa na vumbi.

Tulikuja kituoni kwa sababu ripoti ilikuwa imeshaingizwa. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sikuongeza chumvi ila pale ilipopungua.

Sahihi: L. Kaberia

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali ni yake. Mlalamikaji ameondoa lalamiko. Kielelezo, kengele moja ya mbao, kimekabidhiwa kwa Arero. Saa kumi na moja jioni Daktari Sabdio amenionyesha ramani: kengele imefika nyumbani. Hivyo ngamia aliuzwa. Hakuna wizi. Faili limefungwa mapema, nimealikwa karamuni.

Koplo Kuria