Kikao cha Dharura Kuhusu Jibu Lililokatika Katikati

UMOJA WA WAKULIMA WA MPUNGA TUINUANE, MCHOMBE
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 21 Februari 2026
Mahali: Ofisi ya Umoja, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga
Kuanza: Saa 4:20 asubuhi (barua ya mwaliko ilisema saa 3:00)

WALIOHUDHURIA
Ndg. Polikarpo Ngwila – Mwenyekiti
Bi. Leticia Mbilinyi – Katibu
Ndg. Ponsiano Matimbwa – Mjumbe
Bi. Katarina Mponda – Mjumbe
Ndg. Gasper Njawala – Mjumbe

MWALIKWA
Bi. Levina Matimbwa – mtengenezaji wa programu, kutoka Ifakara

ASIYEHUDHURIA
Ndg. Dionisi, Mhazini – bila taarifa. Katibu alimwona sokoni akichagua perege.

KUMB. NA. 4/1/2026: KUFUNGUA KIKAO

Bi. Katarina aliongoza sala. Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kueleza kwamba kikao kimeitwa kwa jambo moja tu, nalo ni kuamua kama huduma ya Bwana Shamba wa Simu iendelee msimu huu au ifungwe. Kisha alieleza mambo mengine ambayo si hilo moja, yakiwemo mafuriko ya zamani, ubishi wa wajumbe wa siku hizi, na namna Umoja ulivyoanza ukiwa hauna hata kiti.

Mwenyekiti alipotulia kidogo ili ameze mate, Ndg. Ponsiano alidhani hotuba imekwisha, akasimama kutoa hoja yake. Mwenyekiti alimwambia, "Kaa, bwana. Sijasema ni hayo tu." Ndg. Ponsiano alikaa. Baada ya kitambo Mwenyekiti alisema ni hayo tu, na wajumbe walipiga makofi kwa moyo wa shukrani.

Mwenyekiti aliagiza pia kwamba undugu uachwe mlangoni pamoja na kandambili. Agizo hilo lilitolewa kwa sababu Bi. Levina, aliyeandika programu, ni binti wa kaka yake Ndg. Ponsiano, mwenye malalamiko. Kikaoni atamwita "Mjumbe", si "baba mdogo". Bi. Levina alikubali. Alikuwa amekwisha kuwaamkia wote shikamoo, na Ndg. Ponsiano aliitikia akiangalia dirishani.

KUMB. NA. 4/2/2026: MAELEZO YA HUDUMA

Kwa faida ya Ndg. Gasper, ambaye simu yake ni ya tochi, Bi. Levina alieleza upya. Mkulima anauliza kwa kuandika au kwa sauti. Programu inapeleka swali kwenye akili mnemba inayokaa katika kompyuta za kukodi, mbali na nchi hii, ambazo wenyewe wanaziita wingu. Jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Ndg. Gasper aliuliza kama mvua ikinyesha huduma inaathirika. Alijibiwa kwamba huko hapana, ila mnara wa simu wa huku ndiyo unaathirika.

Bi. Levina alikumbusha kwamba mwanzoni programu ilikuwa inaomba jibu zima. Ilisubiri mpaka akili mnemba imalize kutunga yote, ndipo ilete. Kwa mtandao wa huku mkulima alikaa anaangalia skrini nyeupe hadi chai inapoa, na wazee wengi waliacha kuitumia. Mwenyekiti alithibitisha kwamba yeye ni mmoja wao. Aliuliza jambo lake kwa adabu, akakaliwa kimya, akauliza tena, akakaliwa kimya tena, akaiweka simu kabatini. "Mgeni akipiga hodi ukamnyamazia umemfukuza," alisema, "hata kama ulikuwa jikoni unampikia."

Kwa sababu hiyo, mwezi Desemba Bi. Levina alibadilisha programu. Alieleza kwamba ndani ya ombi linalopelekwa wingu kuna mahali pa kusema jibu lije kwa mtiririko, yaani kila kipande kikishatungwa kitumwe papo hapo. Programu inapokea kipande, inakiunganisha na vilivyotangulia, inakionyesha, kisha inarudi kusubiri kingine. Kwa wanaosikiliza sauti, inakusanya vipande mpaka sentensi itimie ndipo isome, kwa kuwa kipande kimoja huweza kuwa nusu ya neno. Alitoa mfano wa maji ya mfereji: hakuna anayesubiri mfereji wote ujae ndipo afungue jaruba la kwanza la shamba. Ndg. Gasper alisema kama ni hivyo, angeanzia hapo.

Bi. Katarina aliongeza kwamba sasa kitu cha kwanza kutokea ni salamu, na hutokea haraka. Siku ya kwanza aliitikia marahaba kwa sauti akiwa peke yake shambani, hadi jirani akauliza anaongea na nani.

KUMB. NA. 4/3/2026: MALALAMIKO YA NDG. PONSIANO

Ndg. Ponsiano alieleza kwamba aliiuliza simu kama mpunga wake umefikia umri wa kupigiwa dawa ya magugu. Jibu lilikuja likitiririka vizuri: "Ndiyo, kwa umri huo unaweza kupiga dawa." Hapo likanyamaza. Yeye akaona alichokitaka amekipata, akaishukuru simu, akabeba bomba lake akaenda.

Sentensi iliyofuata, ambayo haikumfikia kwa sababu mtandao ulikatika, ilikuwa inasema kwanza atoe maji jarubani mpaka magugu yatokeze. Ndg. Ponsiano alipiga dawa juu ya maji, na dawa ikaenda na maji. Magugu yamenawiri. Kwa maneno yake mwenyewe, yana afya kuliko mpunga.

Alisema dawa si kitu, dawa inapatikana dukani. Kinachomuuma ni kwamba Umoja ulipokuwa unasitasita kumpa binti huyu kazi, ni yeye aliyesimama katika chumba hikihiki akasema, "Mpeni, huyu ni wa kwetu, akili yake naijua." Sasa akipita barabarani watu wanamuuliza kama simu imeshapalilia. Hapo sauti yake ilibadilika. Katibu aliweka kalamu chini akasubiri.

Alipoendelea, alitoa hoja kwamba huduma ifungwe leo. Alisema heri kukaliwa kimya kuliko kuambiwa nusu.

KUMB. NA. 4/4/2026: MJADALA

Ndg. Gasper aliunga mkono hoja. Bi. Katarina aliipinga. Alisema mwezi uliopita aliona mpunga wake unageuka njano kwa mabaka, akauliza, akaambiwa inaelekea ni ugonjwa wa kimyanga, ang'oe mashina yenye dalili na kuyafukia kabla hayajaambukiza mengine. Alifanya hivyo siku hiyohiyo. Bwana shamba mwenyewe, yule wa miguu miwili, alipofika alikuta kazi imekwisha, akasema ndivyo ilivyotakiwa. Bi. Katarina alisema bwana shamba huyo ni mtu mwema lakini ana vijiji vingi na pikipiki moja, tena mbovu. Huduma ikifungwa, yeye hana pa kuuliza.

Ndg. Gasper alibadilisha msimamo kidogo akapendekeza programu irudi kwenye jibu zima. Bi. Levina alijibu kwamba inawezekana, ni kubadilisha mstari mmoja tu, lakini kimya nacho kitarudi, na mtandao ukikatika wakati wa kusubiri mkulima hapati hata salamu.

Wakati huo mashine ya kukoboa iliwashwa. Mjadala uliendelea kwa kupaza sauti, jambo ambalo liliwasaidia baadhi ya wajumbe kusema walichokuwa wamekificha. Ndg. Ponsiano alisema kwa sauti kubwa kwamba mtu ameharibu shamba la mwenzake na hata kuja kulitazama hakuja, ametuma meseji. Bi. Levina alijibu kwa sauti kubwa vilevile kwamba alikuja. Alifika mpaka kwenye tuta la kwanza, akayaona yale magugu, akaona haya, akarudi kupanda basi. Mashine ilizimwa ghafla, na maneno "nikaona haya" yalisikika mpaka nje, kwa sababu Bi. Levina alikuwa anayarudia.

Mwenyekiti aliuliza kama mwalikwa ana la ziada. Bi. Levina aliomba ruhusa kumuuliza Ndg. Ponsiano swali moja: asubuhi, kwa nini alisimama kabla Mwenyekiti hajamaliza?

Ndg. Ponsiano alijibu kwamba Mwenyekiti alikuwa amenyamaza, kwa hiyo alidhani amemaliza. Aliulizwa alijuaje baadaye kwamba kweli amemaliza. Alijibu, "Si alisema ni hayo tu?"

Bi. Levina alifungua kompyuta yake akawaita wajumbe wasogee. Alieleza kwamba mtiririko nao una mwisho wake. Akili mnemba ikimaliza kusema, inatuma ishara ya mwisho pamoja na sababu: imemaliza yenyewe, au imefikia kikomo cha urefu alichoiwekea. Mtandao ukikatika, ishara hiyo haiji. Programu yake ilikuwa inaipokea ishara na kuitupa. Ishara isipokuja, ilikuwa inanyamaza tu kama aliyemaliza. Tena mwanzo wa kila jibu wingu linasema mambo ni shwari, ilhali hitilafu inaweza kutokea katikati, na yeye alikuwa anakagua mlangoni tu. Alisema kosa ni lake, si la mtandao wala la Mjumbe. Aliomba liandikwe hivyo, na limeandikwa.

Mwenyekiti naye aliomba iandikwe kwamba desturi yake ya kufunga maneno, ambayo imelalamikiwa katika vikao kadhaa, imeonekana kuwa na faida. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/5/2026: JARIBIO

Bi. Levina alirekebisha programu akiwa amekaa kwenye benchi la wageni. Wajumbe walipumzika. Chai haikuwepo kwa sababu ya Kwaresima kwa wengine na Ramadhani kwa mpishi. Hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Jaribio lilifanywa kwa simu ya Ndg. Ponsiano, naye ndiye aliyeandika swali. Aliuliza afanye nini na magugu yaliyobaki baada ya dawa kwenda na maji. Salamu ilitokea, kisha maneno yakaanza kufuatana. Katikati ya jibu Bi. Levina alimwomba azime data. Ndg. Ponsiano aliizima kwa furaha ambayo hakuificha.

Maneno yalisimama. Baada ya muda mfupi yalitokea mengine chini yake, mekundu, naye akayasoma kwa sauti: "Mtandao umekatika. Sijamaliza kusema. Usifanye lolote kwa maneno haya mpaka uulize tena." Aliyasoma mara ya pili, polepole.

Aliwasha data akauliza tena. Safari hii jibu lilifika mwisho. Lilimshauri apalilie kwa mkono kwanza na asirudie dawa kabla mtaalamu hajauona mpunga, kwa sababu unaweza kuungua. Chini kabisa, kwa rangi ya kijani, paliandikwa: Ni hayo tu. Bi. Katarina alipiga makofi. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

Ndg. Gasper aliuliza itakuwaje siku moja akili mnemba ikiamua kuyasema maneno hayo yenyewe katikati. Lilikuwa swali zuri na wajumbe walishangaa. Bi. Levina alijibu kwamba ameikataza, na kwamba maneno ya kijani hayatoki wingu. Yanaandikwa na programu peke yake, baada ya kupata ishara kwamba jibu limemalizika lenyewe.

KUMB. NA. 4/6/2026: MAAMUZI

Mwenyekiti alimuuliza Ndg. Ponsiano kama hoja ya kufunga huduma bado ipo. Alijibu kwamba haiondoi, ila anaiweka pembeni mpaka mavuno. Katibu alieleza kuwa kanuni za Umoja hazina kifungu cha kuweka hoja pembeni. Kamati iliiweka pembeni.

Kwa hiyo huduma inaendelea. Bi. Katarina na Ndg. Gasper watawapitia wanachama wote na kuwafundisha kwamba jibu lisilo na maneno ya kijani halijaisha, hata kama linapendeza namna gani. Ndg. Gasper alikumbusha kwamba simu yake ni ya tochi. Alijibiwa kwamba mdomo wake ni mzima.

KUMB. NA. 4/7/2026: MENGINEYO

Bi. Katarina alipendekeza kamati iende Jumatatu kupalilia jaruba la Ndg. Ponsiano, kwa kuwa ushauri umetoka kwenye huduma ya Umoja na magugu ni ya Umoja pia. Ilikubaliwa. Mhazini atajulishwa, na atakuja na jembe lake. Ndg. Ponsiano alisema yeye hakuomba msaada. Hilo nalo lilipokelewa.

Bi. Levina alisema basi la leo hatalipanda. Atabaki Mchombe mpaka magugu yaishe, na ataanza kesho baada ya misa bila kuwasubiri wengine.

Ndg. Ponsiano alisimama. Alisema, "Levina, tangu siku ile hujakanyaga kwangu. Mama yako mdogo ananiuliza kila siku nimekufanya nini, na mimi sina jibu. Leo kuna kambale. Utakula kwetu, utalala kwetu."

Alinyamaza, lakini hakukaa. Wajumbe nao hawakusogea, hata Mwenyekiti. Ndg. Ponsiano alitutazama mmoja mmoja, akaelewa tunachosubiri. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alicheka.

"Ni hayo tu," alisema.

Bi. Levina alijibu, "Ndiyo, baba mdogo." Mwenyekiti alisikia na hakumsahihisha. Katibu ameyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa.

KUFUNGA

Hakuna aliyetaka kuongeza neno. Ndg. Ponsiano aliombwa asali sala ya kufunga, akasali kwa kifupi kwa sababu ya kambale. Wajumbe walitawanyika saa 8:10 mchana.

.........................................
Polikarpo Ngwila
Mwenyekiti

.........................................
Leticia Mbilinyi
Katibu