Karakana Juu ya Shimo la Mapishi

Rosalba, nimejificha nyuma ya rundo la kuni. Aibu niliyoipata leo!

Mume wangu Eleuterio kaita majirani leo wamjengee karakana yake ya mbao. Mimi tangu asubuhi nachimba viazi, sina habari. Wakaezeka, wakanawa mikono. Si unajua, aliyekusaidia kazi lazima umpikie kome wa baharini na nyama shimoni, kwenye mawe ya moto.

Mzee Abelino akaniuliza, "Bibie, shimo liko wapi?"

Nikageuka. Shimo liko chini ya karakana. CHINI YA KARAKANA, shosti!

Eleuterio eti, "Nilidhani ni shimo la takataka."

La takataka! Na kila mwaka anakula humo mpaka analegeza mkanda!

Majirani walicheka hadi wakakaa chini. Kisha wakaleta maksai, wakapitisha magogo chini yake, wakaivuta karakana nzima mpaka kando ya zizi. Shimo langu hilo, linaona jua.

Nikasema afadhali, yameisha. Mzee Abelino akajifuta jasho: "Kuezeka kazi moja, kuvuta kazi ya pili. Bibie, tutakula mara mbili."

Rosalba, njoo na kome. Na mwiko mkubwa, Eleuterio ndiye anayepika.