Bomba la Mti wa Kwanza

Kwa kaka yangu Armand,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Vermont. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kifua kimepona, na baridi ya Duluth haijakung'oa masikio. Sisi hatujambo. Goti la Baba bado linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayechemsha utomvu wa miti uwe shira. Hajabadilika hata chembe.

Niliacha kazi kwenye kile kituo cha data cha Virginia tangu Novemba. Nimerudi nyumbani, na nimevifufua visanduku vyako vya msituni. Usinune, soma kwanza.

Wewe uliviweka kila kimoja kipime nguvu ya bomba linalonyonya utomvu kwenye mti wake na kukinong'oneza kisanduku jirani, mpaka habari ifike kwenye banda la kuchemshia. Mimi nimeongeza mpangilio wa kule kazini, wa safu juu ya safu. Kisanduku cha mbali hakina haja ya kuijua njia nzima. Kinawajua tu majirani wawili watatu walio karibu zaidi na banda, kinawakabidhi habari, basi. Mmoja akizimika, habari inapita kwa mwingine. Kazini nililiona jambo hilo kila siku kwenye makabati ya chuma ya kompyuta na wala halikunigusa.

Jumanne ya wiki iliyopita upepo uliangusha ule mti mkubwa wa bondeni, pamoja na kisanduku kilichokuwa kikibeba habari za wenzake arobaini. Nilikuwa bandani na Baba na jirani yetu Wendell, tunatazama ramani kwenye kompyuta. Kitone cha kisanduku kile kikazimika. Nikashika kichwa. Armand, kabla sijavuta pumzi, vile arobaini vyote vilikuwa vimepata njia nyingine kupitia kilimani, na vikatuonyesha hasa mahali bomba lilipokatika. Hakuna aliyevielekeza! Miti imesimama kimya kwenye theluji, na katikati yake habari inajitafutia njia. Mwili ulinisisimka, machozi yakanilenga. Wendell alivua kofia kama yuko kanisani, akasema ana wajukuu sita na hakuna hata mmoja anayefikisha ujumbe namna ile. Baba akasema maisha yake yote amepita msituni mle akidhani miti haina la kusema.

Jumamosi majirani walikuja kula shira ya moto juu ya theluji, kama kawaida yetu, na donati na matango ya siki. Baba alisimama mbele yao wote akanisifu, akasema binti yake ameweza pale kaka yake aliposhindwa. Nikaweka bakuli langu chini.

Sasa kaa chini, kaka. Visanduku vyako havikuwa vibovu mwaka ule ulioondoka. Ni mimi. Niliingia kwa mtandao kutoka Virginia bila kukuambia, nikaweka kanuni za kazini kama zilivyo: kila kisanduku kimsalimie jirani yake kila sekunde, kiulize kama bado yu hai. Kwenye jengo ambalo umeme haukatiki, hilo halina tatizo. Kwenye betri ndogo, katika baridi ile, ni kuziua. Ziliisha zote kwa siku nne. Bomba kuu likapasuka, hakukuwa na cha kutuambia, utomvu ukamwagika wiki nzima katikati ya msimu. Baba alipokutolea yale maneno ya kukulaumu nilikuwa nasikia kwenye simu, nikanyamaza. Ukafunga mizigo, nikanyamaza. Miaka mitatu! Na kilichonisaidia safari hii ni mstari mmoja wa daftari uliloliacha dirishani: kisanduku kisiseme kama hakina jipya.

Majirani walipoondoka nilimwambia Baba yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliosha bakuli lake polepole, kisha akauliza kama namba yako ya simu ni ileile, na kama naweza kuirudisha kwenye orodha ya wanaopata taarifa za visanduku. Yeye ndiye aliyeniagiza niitoe. Nikairudisha.

Wendell anakusalimu sana. Mimi msamaha nitauomba mbele yako, si kwenye karatasi.

Jambo la mwisho. Jumapili asubuhi Baba alipanda mlimani peke yake, na goti lake lile. Nilimwona kutoka bandani. Alisimama kwenye mti wa kwanza, ule mliofungia pamoja kisanduku cha kwanza, akachomoa bomba kwa mkono wake. Utomvu ukamwagika, na yeye ni mtu wa kulamba hata mfuniko tone lisipotee! Nikapiga kelele. Akainua mkono kunizuia, akangoja mpaka taarifa ikaondoka, ndipo akalirudisha. Aliposhuka akasema kisanduku kilikuwa na jipya la kusema.

Kwa hiyo kama simu yako ililia Jumapili, saa tatu asubuhi kwa saa za huko, ikasema bomba la mti wa kwanza liko wazi, halikuharibika. Alikuwa Baba. Msimu umebakiza wiki mbili.

Mimi mdogo wako niliyekukosea,
Noreen Thibault