Aliyeng'arisha Boneti Ni Mimi

Baba Zuleika,

Matoke yako kwenye sigiri, mchuzi wa karanga umo kwenye sufuria ndogo. Zuleika anywe dawa baada ya kula, si kabla. Na gari msilifute kwa kitambaa kikavu. Vumbi hukwaruza rangi, ndivyo vilivyoanza vile vikwaruzo vya mviringo vilivyoonekana juani kama utando wa buibui.

Nilivisugua mimi, Jumamosi nzima, nimepiga magoti uani na polishi na taulo laini, wewe ukiniletea maji. Leo asubuhi jirani yetu Mzee Olal akauliza ni fundi gani aliyeling'arisha. Nilikuwa mlangoni na chai. Ukamjibu, "Ni ndugu yangu Siraje." Na Siraje, ambaye hata kifuniko cha polishi hajakigusa, akasema, "Kazi ndogo tu, mzee."

Kisha ukanifuata jikoni kuninong'oneza kwamba watu watasema mkeo ni mwosha magari. Waseme. Kuosha magari si wizi.

~~Nitarudi kupika chakula cha jioni.~~ Pikeni wenyewe. Siraje amekubali kumng'arishia Mzee gari la harusi ya binti yake Aciro, halafu akaja kuniuliza polishi hupakwaje. Nilimpigia Mzee simu nikamweleza ukweli. Akasema, "Basi njoo wewe, mama."

Nimeshuka kwake na polishi na taulo zote. Mtu akiniulizia, msimwambie nimekwenda sokoni. Mwambieni ninang'arisha gari.

Mkeo,
Mama Zuleika