Uwanja wa Kuanikia Ulezi, Majengo

Dada Agata, shikamoo.

Sumbawanga kuna jua na baridi kwa pamoja, ndiyo maana wanawake wa Majengo huanika ulezi kwenye uwanja ulio katikati ya nyumba zao, huku wakiota jua na kuzungumza. Jana mimi na wapimaji wenzangu tulikwenda kuupima. Walikunja mikeka wenyewe kutupisha, wakatushikia futi kamba, wakaniletea togwa.

“Kunywa, mwanangu, umekonda kama vigingi vyako,” mama mmoja mzee alinitania, wenzake wakacheka.

Wanadhani tunaweka mipaka ili wenye fedha, ambao siku hizi wote wanataka maduka, wasiuingilie. Tuliposimika bikoni ya mwisho ya mpaka, yule mama mzee aliniuliza, “Sasa sehemu yetu ni ipi?”

Nikamjibu kwamba ramani haijakamilika. Imekamilika, dada. Niliichora mwenyewe: viwanja kumi na vinne vya maduka, na uchochoro wa kupita mtu mmoja.

Leo amenipungia mkono kutoka mbali, nami nikageuza njia.

Nawakumbuka mno, wewe na watoto. Baba akiuliza habari za kazi, mwambie ninaiweza.

Mdogo wako,
Yustina