Debe la Oili la Baba

S.L.P. 114,
Talkeetna, Alaska.
19 Machi 2025

Mpendwa Dada Verna,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi. U hali gani, na goti lako je? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi, nami nakujua, ngazi hujaziacha. Naona kwenye televisheni kwamba huko Tucson jua limeshaanza kuwafukuza watu barabarani, na huu ni mwezi wa tatu tu. Huku kwetu asubuhi ya leo mbwa alikataa kutoka nje mpaka nikatangulia mimi.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, napasua kuni zangu mwenyewe. Nimesema mwili makusudi, na sababu yake utaiona huko chini.

Kwanza nikuchekeshe kidogo. Jana nilikwenda kuchukua barua, yule mama wa posta akaniuliza kama dada yangu ameipata ile bahasha. Nikamwambia bahasha gani, mimi tangu Krismasi sijamwandikia dada yangu hata mstari mmoja, na aibu imenijaa. Akanitazama, halafu akasema labda amenichanganya na mtu mwingine. Naye anazeeka, maskini.

Mwanangu Carla hajambo, yuko Anchorage na kazi zake, ananipigia simu kila Jumapili kuniuliza nimekula nini. Tafadhali, haya nitakayokuandikia usimwambie bado. Ukimwambia tu, kesho yake atakuwa hapa mlangoni, na ndege yangu ya injini moja itapata mnunuzi kabla theluji haijayeyuka.

Sasa habari yenyewe. Unawakumbuka majirani zangu, Lowell na mkewe Nadine? Lowell ni yule aliyeendesha greda la kusukuma theluji barabarani miaka ishirini na sita. Nadine ametimiza miaka sitini mwezi huu, akasema hataki keki wala sherehe. Anataka alale hemani juu ya theluji, mahali ambapo gari halifiki, walau mara moja kabla hajawa bibi wa kukaa dirishani. Nikajitolea kuwapeleka. Jumamosi tarehe nane nikawapakia kwenye ndege pamoja na hema la turubai, jiko la bati, soseji za nyama ya kongoni wa huku, samaki wa moshi na biskuti zile ngumu za kuvunja meno, tukaenda Ziwa la Shoka.

Nataka ujue kwamba kutua nilitua vizuri. Nilifanya kama Baba alivyotufundisha. Niligusisha skii za ndege kwenye theluji ya ziwa, nikaruka tena, nikazunguka juu kuangalia alama zilizoachwa na skii. Zilibaki nyeupe, maana yake hakuna maji yaliyojificha kati ya theluji na barafu. Ndipo nikashuka. Nikakata matawi ya msonobari, nikayalaza chini ya skii ili zisigandie usiku. Hayo yote nayakumbuka, na matawi asubuhi yalikuwa palepale.

Nayaandika haya kwa urefu kwa sababu sielewi, Dada. Mtu anayekumbuka matawi anawezaje kukosea linalofuata?

Jioni tulikula, tukacheka. Nadine alivaa suruali tatu, moja juu ya nyingine, Lowell akamwambia, "Mke wangu, ukianguka leo sikuinui, nitakuviringisha tu." Tulilala mapema.

Asubuhi niliamka wa kwanza, nikawasha jiko, nikanyoosha mkono kuchukua debe la oili nilibandike lipate moto. Unaijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote, umemwona Baba akiifanya kila msimu: ukishatua, injini ingali moto, unaimwaga oili yote ndani ya debe, unaingia nalo ndani, na asubuhi unalichemsha jikoni na kuirudisha oili kabla baridi haijaiwahi. Nikapapasa. Debe halikuwapo.

"Lowell, debe liko wapi?"

"Debe gani?"

"La oili. Nililiweka hapa jana, karibu na miguu yako."

"Miguu yangu imelala ndani ya begi, ndugu yangu. Hata mimi mwenyewe sijaiona tangu jana."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo damu ilinipanda. Bila oili haturuki, na bila kuruka tuko maili arobaini kutoka nyumba ya karibu. Nikakumbuka kwamba jana yake jioni Nadine alitoka kumwaga maji ya vyombo. Nikamgeukia.

"Umemwaga nini jana, Nadine?"

"Maji ya vyombo, shemeji."

"Una hakika ni maji?"

Dada, nilimkaripia. Mwanamke wa miaka sitini, siku yake ya kuzaliwa, nikamwambia kwamba mtu asiyejua tofauti ya oili na maji ya vyombo angebaki jikoni kwake. Alivaa viatu, akatoka, akapiga magoti pale alipomwaga na kuanza kuchimba theluji kwa kijiko kikubwa cha supu. Lowell naye akaenda. Tukachimba watu watatu karibu saa nzima.

Mwishowe Nadine akainuka, machozi yamemgandia kwenye kope. "Shemeji, oili ni nyeusi na theluji ni nyeupe. Kama nimeimwaga, si tungeiona?"

Sikumsikiliza. Nilikwenda ndegeni kuchukua makopo manne ya oili ya akiba. Nikasema nitatia hiyo, hata kama haitoshi, potelea mbali. Nilikuwa nimeshatoboa kopo la kwanza. Lowell, ambaye tangu tujuane hajawahi kuigusa injini yangu, akaingiza mkono chini ya blanketi lililofunika injini, akafungua kile kidirisha, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Akaniletea mbele ya macho.

"Na hii ni nini?"

Kijiti kilikuwa kimelowa mpaka kwenye alama. Oili ilikuwa imejaa. Ningeongeza makopo yale juu yake, injini ingeitapika angani, na kioo cha mbele kingegeuka cheusi nikiwa na rafiki zangu wawili ndani.

Nikasema basi kuna mtu ameirudisha. Lowell akaniuliza polepole, kama unavyomuuliza mtoto aliyepotea sokoni, "Hilo debe lina rangi gani?"

"Bluu. Lina mpini wa mbao, kifuniko kimebonyea upande mmoja."

"Orrin, jana ulizima, ukaifunika injini blanketi, ukakata matawi, ukaja kutusaidia kukanyaga theluji ya kusimamishia hema. Oili sikukuona ukiimwaga. Na debe la bluu kwako sijaliona, na nimekujua miaka kumi na tisa."

Alisema kweli. Siku hizi nani anamwaga oili? Tunatia nyepesi ya majira ya baridi, tunafunika, na asubuhi tunapuliza joto kwa lile jiko dogo la gesi lenye bomba. Jiko hilo lilikuwa nyuma ya kiti changu, nimelifunga mwenyewe. Mimi sijamwaga oili tangu Baba alipoacha kuruka. Lakini Dada, nakuapia, nilikumbuka uzito wa debe lile mkononi. Nilikumbuka joto lake likipenya kwenye glavu. Hata sasa ninapokuandikia nalikumbuka, na najua halikuwapo, na sijui nishike lipi.

Lowell alikuwa na kile kidude cha setilaiti cha kuitia msaada. Alikishika kiganjani, akasema anaweza kumwita rubani mwingine aje atuchukue, na huko mjini tutasema betri ilikufa, hakuna atakayejua. Nikashindwa hata kukasirika. Aliyenitetea ni Nadine, yuleyule niliyemkaripia.

"Ataturusha yeye," akasema. "Ila mimi nitakaa mbele, na nitamsomea."

Akaichomoa ile karatasi ya ukaguzi wa kabla ya kuruka kwenye mfuko wa mlango. Sijaisoma tangu niinunue ndege. Akawa anasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti, na haendi wa pili mpaka nimegusa kitu chenyewe na yeye amekiona. Nilijiona mtoto wa chekechea. Tukafika kwenye koki ya mafuta.

"Koki ya mafuta."

"Wazi," nikasema.

Akainama, akatazama. "Imefungwa, shemeji."

Nilikuwa nimeifunga mwenyewe jana yake, kama inavyotakiwa. Nikaifungua. Akaniambia nimwonyeshe tena, nikamwonyesha, akasoma mstari uliofuata.

Tukaruka, na hapo ndipo ninapozidi kuchanganyikiwa. Angani sikukosea kitu. Upepo ulikuwa ukivuka uwanja kutoka kushoto, nikaiteremsha ndege mpaka Lowell akasema hakujua kama tumeshagusa chini. Mikono yangu inajua kila kitu. Sasa niiamini mikono, au nikiamini kichwa kinachoniletea debe ambalo halipo? Nimejiuliza siku zote hizi, na kila nikidhani nimepata jibu linanitoka.

Hawajamwambia mtu. Nilikwenda kwao na kiko changu mfukoni kumwomba Nadine radhi, akanipa kahawa na kusema ile ndiyo siku ya kuzaliwa ambayo hataisahau. Kisha akaniomba namba ya simu ya Carla. Nikamwambia nitamtafutia. Naijua kwa moyo.

Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwingine. Wewe ulikaa na Baba miaka minne ya mwisho. Mimi nilikuwa huku nikiruka, nikimpigia simu mara moja kwa mwezi, ananisimulia mambo ya zamani vizuri kabisa, nakata simu nikisema mzee yuko sawa, Verna anakuza mambo. Hata nilikwambia unasema hivyo kwa kuitaka nyumba yake. Sijakuomba radhi kwa neno lile, nakuomba leo. Najionea haya kwamba imenibidi nipotelewe na debe ndipo nikuamini.

Niambie usahaulifu wake ulimwanza vipi. Uliwahi kutaja habari za lango, kwamba alitoka kulifunga na kurudi na kulifunga tena, lakini sikukusikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anajua? Mikono yake iliendelea kuwa mizuri kwa muda gani?

Na debe lenyewe liko wapi? Nina picha kichwani kwamba ulipofungasha vitu vya Baba ulilichukua ukaenda nalo, na kwamba unawekea vibanio vya nguo. Kama ndivyo, basi sikuliona ziwani, nililiona kwako nilipokuja mazishini. Hilo peke yake lingenipa nafuu kidogo, kujua limetoka wapi.

Nimeamua hivi. Ndani ya bahasha hii naweka ufunguo wa ndege. Ni mmoja tu, wa pili ulizama mtoni zamani. Kaa nao. Ukinisoma na kuona kwamba ni uzee wa kawaida, uchovu na baridi, unirudishie kwa posta, nami nitaruka kiangazi hiki nikisomewa karatasi na yeyote atakayekubali. Ukiona ni ule wa Baba, usinieleze kwa maneno marefu. Bakia nao tu, nitaelewa. Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukuachia uamuzi huu. Kuruka ndiko kulikonifanya niwe mtu, Dada, na ninaogopa. Ninaogopa kuacha, na ninaogopa zaidi Nadine akiwa amekaa pale mbele.

Nisalimie shemeji Arvid, mwambie asikuache upande ngazi. Nisalimie wapwa zangu Tove na Lennart na watoto wao, na yule shangazi Ragna kama bado anapokea simu. Mungu awalinde na jua hilo, akupe goti jipya, na atukutanishe tungali tunajuana.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Orrin

Baada ya kutia sahihi: Nimeinuka kuuchukua ufunguo msumarini, haupo. Nimetafuta kwenye koti, kwenye ndege, kwenye droo ya stempu, hata kwenye chakula cha mbwa. Nimempigia simu yule mama wa posta nyumbani kwake, nikamuuliza ile bahasha aliyoisema jana ilikuwaje. Anasema niliileta mwenyewe Jumatano iliyopita, imeandikwa jina lako, nene kama hii, na ndani yake kulikuwa na kitu kigumu kidogo ndiyo maana aliipiga mhuri kwa mkono.

Basi nimeshakuandikia. Sijui nilikuandikia nini. Ziweke barua mbili hizi pamoja mezani uzisome, na kama zinasema jambo lilelile, Dada, usinirudishie ufunguo.