Cheni ilegee vidole viwili

Mwenzangu, niko duka la vipuri, hebu sikia haya!

Nimekuja kununua cheni mpya ya pikipiki. Nikamkuta yule mwanamke jirani yangu, mshona nguo, naye anachagua yake. Si nikamsikia anamwambia muuzaji: “Nipe ile nene. Na ukiifunga iache ilegee vidole viwili, usiikaze kama mke mwenye wivu.”

Kama mke mwenye wivu!

Hayo maneno ni ya mume wangu! Kila akinifungia cheni ananitania hivyohivyo. Mimi nikidhani utani huo ni wetu wawili tu.

Nikajikaza, nikamuuliza nani kamfundisha. Akacheka: “Fundi wangu.”

Fundi WAKE!

Haya. Cheni nimenunua. Leo naifunga mwenyewe, na nitaikaza mpaka ilie.